Tracy Chapman, bei ya kahawa na dada yangu

Leo siasa nimeiweka pembeni, wale wa bajeti na ripoti za CAG mnivumilie. Nataka tuongee muziki.

Ukiwauliza watu wa rika langu ni wimbo gani unawarudisha ujanani, wengi watakutajia Bongo Flava. Professor Jay, Juma Nature, Wagosi wa Kaya, Daz Nundaz. Nyimbo hizo nazijua, tena mashairi yote kichwani. Lakini wimbo unaonirudisha mimi kule, kijijini Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 2000, haukuimbwa na Mtanzania wala haukutoka miaka ile. Ni "Fast Car" wa Tracy Chapman. Ulitoka Aprili 1988, miaka miwili kabla mimi sijazaliwa. Na siko peke yangu. Nenda baa yoyote Arusha, Mwanza au Nairobi Jumapili jioni, wakiupiga utaona watu wazima wananyamaza kwanza, kisha kiitikio kikifika meza zote zinaimba.

Kinachonishangaza ni namna tunavyouimba. Tunauimba kwa furaha, kama wimbo wa safari. Jina lenyewe ni gari la kasi, basi tunaona barabara, taa za mjini, upepo wa dirishani. Sasa ifuatilie hadithi yake mpaka mwisho. Mama ameondoka, baba ni mlevi, binti anaacha shule amtunze. Anafanya kazi dukani, anadunduliza visenti, anaondoka na kijana mwenye gari. Huko mjini binti ndiye anayepata kazi, ndiye anayelipa kila kitu, na kijana anaishia kukaa baa na marafiki kuliko nyumbani na watoto. Yule kijana amekuwa baba yake. Gari bado lipo, ila halijamfikisha popote. Mwisho binti anamwambia achague, na akitaka kuondoka na gari lake aende.

Mimi nauita wimbo wa mtu anayebaki. Na jinsi ulivyotoka huko ulikotoka mpaka ukafika mgombani kwetu ni historia inayostahili kusimuliwa.

Tracy Chapman alizaliwa tarehe 30 Machi 1964, Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani, akalelewa na mama yake. Cleveland ulikuwa mji wa chuma na viwanda vya magari, na yeye alikua wakati viwanda vile vinafungwa kimoja baada ya kingine. Mto unaopita mjini, Cuyahoga, ulishika moto mwaka 1969 kwa sababu ya mafuta na taka za viwandani. Mto, wadau, siyo kichaka. Desemba 1978 halmashauri ya mji ikashindwa kulipa madeni ya mabenki, mji mkubwa wa kwanza Marekani kufikia hali hiyo tangu ule mdororo mkuu wa miaka ya 1930. Tracy alikuwa na miaka 14. Amewahi kueleza kwamba "Fast Car" si maisha yake mwenyewe, ila ni dunia aliyoiona alipokuwa anakua, watu wa kipato cha chini wanaohangaika. Ukiujua mji huo, hushangai kwa nini gari liko katikati ya wimbo. Waliyaunda, halafu kazi ikaondoka wakabaki wao.

Yeye alipata bahati ambayo binti wa kwenye wimbo hakuipata. Alipata ufadhili wa kusoma sekondari ya bweni huko Connecticut, kisha chuo kikuu cha Tufts karibu na Boston, alikosoma anthropolojia na masomo ya Afrika. Wakati huo alikuwa anaimba mtaani, Harvard Square, kofia chini na gitaa mkononi. Mwanafunzi mwenzake mmoja, Brian Koppelman, ambaye baba yake alikuwa mtu mkubwa kwenye biashara ya muziki, alimsikia akampeleka kwa mzee. Ndiyo mwanzo.

Muziki wake Wamarekani wanauita folki, na ukiongezewa gitaa la umeme na ngoma unakuwa folki-roki. Kwa lugha ya nyumbani ni hadithi na gitaa kavu. Mtu anasimama anakusimulia jambo lililompata jirani. Waliusukuma kina Woody Guthrie kabla ya Vita Kuu ya Pili, kisha Bob Dylan, ambaye mwaka 1965 alipanda na gitaa la umeme kwenye tamasha la Newport, baadhi ya watu wakamzomea kama kaleta bia kanisani. Miaka ya 1980 mtindo huo ulikuwa umepitwa. Redio zilijaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Kampuni kumtoa binti mweusi mwenye gitaa moja mwaka 1988 ilikuwa ni kubahatisha.

Na sasa tunafika Wembley.

Jumamosi ya tarehe 11 Juni 1988 lilifanyika tamasha kwenye uwanja wa Wembley, London, kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela. Mwenyewe alikuwa gerezani, mwaka wa 26 tangu akamatwe. Watu kama 72,000 waliingia uwanjani na matangazo yalikwenda nchi 67. Hapa naomba nichomekee jambo, maana vijana wenzangu hawalijui. Harakati zilizozaa tamasha lile zilianza London tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano wa kuhamasisha watu wasinunue bidhaa za Afrika Kusini, na mmoja wa wazungumzaji siku ile alikuwa Julius Nyerere, kabla hata hatujapata uhuru. Mzungumzaji mwingine, padri Trevor Huddleston, mwaka uliofuata akawa Askofu wa Kianglikana wa Masasi. Ndiyo, Masasi ya Mtwara, mpaka 1968. Mwaka 1988 Huddleston ndiye aliyekuwa rais wa harakati hizo. Kwa hiyo wazee wa kusini wanaomkumbuka baba askofu wana haki ya kusema jukwaa lile lilikuwa na mkono wao.

Tracy alikuwa na albamu ya miezi miwili, wengi uwanjani hawamjui. Alipangiwa muda mfupi mchana, akaimba, akashuka. Kazi imekwisha. Jioni ilikuwa zamu ya Stevie Wonder. Huyu kuwepo kwake kulikuwa na uzito wa pekee: mwaka 1985 alipopokea tuzo ya Oscar aliipokea kwa jina la Mandela, na redio ya taifa ya Afrika Kusini ikapiga marufuku nyimbo zake. Sasa, muziki wake ulikuwa kwenye diski ya kinanda chake cha kompyuta. Dakika za kupanda jukwaani zikafika, diski haionekani. Bila diski hana muziki. Stevie akageuka akaondoka huku analia.

Waandaaji wana jukwaa tupu, uwanja mzima unangoja, dunia inatazama. Unamweka nani? Bendi inataka muda wa kufunga vyombo. Lakini yupo yule binti wa mchana, chombo chake ni gitaa tu, ukimpa kipaza sauti yuko tayari. Wakamrudisha. Akasimama peke yake mbele ya watu 72,000 waliokuwa wanamsubiri Stevie Wonder, akaanza kupiga zile nota za "Fast Car".

Nimeitazama video yake mara nyingi. Hachezi, hapungi mkono, hata kutabasamu anatabasamu kwa aibu. Mwanzo kuna kelele za watu wanaotafuta bia na wenzao, kisha kelele zinapungua. (Stevie alirudi baadaye akaimba kwa vyombo vya kuazima, asije mtu akasema nimemwacha njiani.) Baada ya siku ile albamu ikapanda mpaka namba moja Uingereza na Marekani, na wimbo wenyewe ukafika nafasi ya tano Uingereza na ya sita Marekani. Februari 1989 akabeba Grammy tatu. Yote yale kwa sababu diski ya mtu mwingine ilipotea. Teknolojia ya kisasa iligoma, gitaa kavu likaokoa jahazi.

Oktoba 1988 alifika Afrika na msafara wa Amnesty International, pamoja na Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel na Youssou N'Dour. Walipiga Harare tarehe 7 na Abidjan tarehe 9. Dar es Salaam hawakupita.

Kwetu bara tamasha la Wembley hatukuliona, kwa sababu televisheni hatukuwa nayo. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi tukasubiri mpaka 1994. Nyimbo za nje zilikuja kwa kanda. Mtu mmoja anatoka Nairobi au ughaibuni na kanda halisi, anaipeleka kwenye duka la kurekodi, na duka lile linazaa kanda mia. Unapeleka kanda yako tupu, unachagua nyimbo kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, kesho yake unakuja kuchukua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, ila kwa wale jamaa wa kurekodi ilikuwa bado haijafika. Nadhani Tracy Chapman hajapata hata senti kumi ya Kilimanjaro. Ila bila wale wezi, niwaite jina lao, nisingemjua.

Kanda yetu ilikuja kwenye pikapu.

Niseme kwanza hali ilivyokuwa. Kahawa ndiyo iliyosomesha Wachaga, hilo kila mtu analijua. Lakini Julai 1989 ule mkataba wa kimataifa uliogawa mafungu ya mauzo kwa nchi zinazolima ulivunjika, na bei ikaanguka karibu nusu ndani ya miezi michache. Ikapanda tena katikati ya miaka ya 1990, watu wakaezeka bati jipya. Kisha Vietnam na Brazil wakamwaga kahawa sokoni, na kufika 2001 bei ya dunia ilikuwa chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miongo mingi. Kwenye vihamba wazee waling'oa mibuni waliyopandiwa na baba zao wakaweka nyanya na maharage. Baba yangu hakung'oa. Aliiacha tu ikaota magugu, asubuhi anapita katikati yake kwenda kilabuni, jioni anapita tena, akiwa amebebwa na mbege. Hakuwa mtu mbaya wala hakupiga mtu. Alikuwa tu kama amezimwa.

Mama alikuwa Dar anauza mitumba, tunamwona Krismasi. Nyumbani tulibaki baba, dada yangu, mimi na mdogo wetu. Mwaka 2001 serikali ilifuta ada ya shule za msingi, kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulikuwa salama. Sekondari ada iliendelea mpaka Januari 2016. Dada alikuwa kidato cha pili mwaka 2002. Alirudishwa nyumbani kwa ada mara ya kwanza, akarudi. Mara ya pili akarudi. Mara ya tatu baba alikuwa ameanguka kwenye mtaro akavunjika nyonga, na hiyo ndiyo ikawa mara ya mwisho. Hakuna kikao kilichokaa kuamua aache shule. Ilikuwa tu kila siku kuna uji wa kupika, maji ya kuchota, baba wa kugeuza kitandani. Muhula ukaisha. Baadaye akapata kazi kwenye duka la jumla Moshi mjini, anapima sukari na kurudisha chenji, anaondoka alfajiri anarudi jioni na mkate.

Mwenye pikapu alikuwa kijana wa kijiji cha pili, anabeba ndizi kwenda Dar. Nyuma ya pikapu mikungu, mbele redio inayosikika kabla hujaiona gari. Alimpenda dada, hilo sote tuliliona, hata baba kitandani. Siku moja akamwachia kanda: upande mmoja Tracy Chapman, upande wa pili Don Williams. Tukawa tunaipiga kwenye redio kaseti yetu, betri zikichoka tunazianika juani, mkanda ukijisokota tunauzungusha kwa kalamu. Mimi nilikuwa darasa la sita, Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Nilipenda zile nota za mwanzo za gitaa zinazozunguka zisifike mwisho, na lile neno "car" nililolielewa.

Dada alikuwa na daftari la nyimbo. Wasichana wengi wa sekondari walikuwa nalo wakati ule, limepambwa maua kwa kalamu za rangi. Aliandika "Fast Car" yote, anasikiliza mstari, anasimamisha kanda, anaandika, anarudisha nyuma. Pembeni akaweka maana kwa Kiswahili kwa msaada wa kamusi ya shule, ile kamusi iliyobaki kwetu kwa kuwa hakuna aliyekuja kuidai. Jioni moja tunamenya ndizi akanisimulia hadithi yote mwanzo mpaka mwisho. Nilimuuliza kwa nini yule binti asingemwacha baba akaendelea na shule. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini jua linazama.

"Sasa nani atampikia?"

Yule kijana alimwomba waende Dar. Alikuwa na chumba Manzese, alisema, na gari lake mwenyewe. Dada alimsikiliza kwa heshima zote, halafu akamwambia aende salama. Nilikasirika sana, maana nilishajiona mimi mwenyewe juu ya ile mikungu ya ndizi naingia Ubungo. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema haogopi, ila ile hadithi ameisikiliza mpaka mwisho, na kule mwisho mwenye kulipa ni yule yule.

Nilipofaulu kwenda sekondari, ada ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye duka lile la sukari. Na ya pili, na ya tatu, na ya nne. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Dada alikuwa na miaka 20, kijana wa pikapu alishaoa Dar, na shule ilikuwa imemwacha mbali. Hakuwahi kunisimanga, hata siku moja. Lakini nikisikia watu wanaimba wimbo ule mezani huku wamekumbatiana nasikia duka. Nasikia mtu anahesabu chenji.

Kuna wakati wimbo ulikaa kimya, angalau kwangu. Halafu mwaka 2023 mwimbaji wa muziki wa country, Luke Combs, mzungu wa North Carolina aliyezaliwa 1990 kama mimi, akaurudia. Anasema aliusikia utotoni kwenye gari la baba yake. Ukafika nafasi ya pili kwenye chati kubwa ya Marekani. Watu wakabishana sana: kwa nini mwanamke mweusi asipate kwenye redio za country nafasi anayoipata mzungu kwa wimbo wa mwanamke huyo huyo? Ni swali la haki na sina haraka ya kulizima. Ila nilimpa Combs heshima kwa jambo moja, hakubadilisha maneno. Yeye ni dume la ndevu na anaimba kama msichana wa dukani, kama ulivyoandikwa. Mwimbaji mwingine angejifanya yeye ndiye mwenye gari.

Na fedha safari hii zilifika zinakotakiwa, kwa kuwa Tracy ndiye mtunzi pekee na haki za utunzi ni zake. Novemba 2023 wimbo ukashinda tuzo ya CMA ya wimbo bora wa mwaka, akawa mtunzi wa kwanza mweusi kuipata. Hakwenda kuichukua. Alituma ujumbe wa shukrani tu. Kwa miaka mingi alikuwa amejitoa kwenye jukwaa, haonekani, hafanyi ziara.

Ndipo tarehe 4 Februari 2024, kwenye Grammy huko Los Angeles, kamera ikaonyesha vidole kwenye nyuzi za gitaa, zile nota, ikapanda juu polepole na alikuwa ni yeye. Miaka 59. Nywele zimeingia mvi, tabasamu sasa halina aibu. Combs amesimama pembeni anamtazama kama mwanafunzi, maneno anayaimba kimya kimya mdomoni hata pale ambapo si zamu yake.

Kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu. Kipande kilipoanza kuzunguka mtandaoni nilikituma kwa dada kwenye simu. Siku hizi ana duka lake mwenyewe Kiboriloni, na mdogo wetu ni mwalimu. Alikaa saa nzima hajajibu, nikajua ana wateja. Kisha akanipigia, akaniuliza huyu mama ana miaka mingapi sasa. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, nasikia mtu nyuma anaulizia bei ya unga.

"Mvi zimempendeza," akasema, halafu akaniomba nisubiri amhudumie mteja.